Jukwaa Linakusikia

Siku Mwelusi alipouawa kisimani, sisi tulicheka. Ilikuwa mwaka 2009, nami nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Mombasa. Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, ilikuwa miongoni mwa vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne, na kikundi cha waigizaji kilikuwa kimekuja kutuigizia. Walifika kwa matatu, wakashusha magunia mawili ya maleba na ngoma moja, wakasukuma meza za bwalo mpaka ukutani, wakaning'iniza shuka mbili kwenye kamba zikawa pazia. Taa za jukwaa hazikuwepo. Jua la saa nane liliingia madirishani likatosha. Tulikuwa zaidi ya mia sita katika bwalo lililojengwa kwa mia nne, na harufu ya maharagwe ya mchana ilikuwa bado haijatoka.

Gege alipomwinukia nduguye Mwelusi, msichana mmoja nyuma yangu alitoa sauti kama ya kuku anayekabwa. Bwalo zima likaangua kicheko. Nilicheka nami, tena kwa nguvu, kwa sababu koo lilikuwa limeanza kunibana na sikutaka mtu aone. Mwelusi alikuwa amelala juu ya saruji, amefumba macho. Nilikaa karibu kiasi cha kuona kope zake zikitetemeka. Yule mwigizaji alikuwa kijana tu, hajatuzidi sana umri. Hakuinuka, hakutukaripia. Alibaki maiti mpaka tulipochoka kucheka, kisha wenzake wakaendelea na mchezo.

Jioni ile mwalimu wetu wa Kiswahili alituuliza tulikuwa tukicheka nini. Hakuna aliyejibu. Akatuambia, bila kupandisha sauti: "Kesho mtaniandikia insha juu ya kifo cha Mwelusi, na hamtakuwa na la kuandika, kwa maana hamkukiona." Ikawa hivyo. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, wote nimeutoa kitabuni. Kifo chenyewe kilikuwa kimetokea hatua nne mbele yangu, nami nikakikosa.

Miaka minne baadaye mimi ndiye niliyekuwa nikishuka kwenye matatu na gunia la maleba begani. Vitabu vilikuwa vimebadilika. Sasa ilikuwa Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Tulikuwa watu saba tukigawana wahusika wote, mtu anatoka upande huu akiwa mgonjwa anarudi upande ule akiwa diwani. Siku nyingine tulicheza katika shule mbili, siku mbaya tatu, na kufikia jioni sauti imekwaruza na miguu imejaa vumbi la barabara za murramu. Kazi ile ndiyo iliyonifundisha hadhira ni nini, kuliko chuo chochote.

Katika shule moja ya wavulana, nilikuwa mmoja wa wagonjwa kwenye kliniki isiyo na dawa. Nilianza kulia, na kicheko kikaanza. Nilikitambua papo hapo, kilikuwa ni kicheko chetu kile cha bwaloni. Nilijiambia nitafanya kama yule kijana: nitabaki nilipo mpaka wachoke. Lakini naibu wa mwalimu mkuu hakungoja. Aliinuka kutoka kiti cha mbele akiwa na fimbo, ingawa fimbo zilikuwa zimepigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001, akatembea katikati ya safu akiigonga pembeni mwa meza. Kimya kikashuka kama kifuniko. Tuliigiza saa nzima iliyobaki mbele ya wavulana mia tano wasiosogeza hata kidole, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nasi. Palipokuwa na mzaha hawakucheka. Palipokuwa na swali waliloulizwa waziwazi, maana mwelekezi wetu alipenda kuishirikisha hadhira, hawakujibu. Walikuwa wanaitazama fimbo.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza kimya. Kimya cha usingizi kina pumzi nzito na viti vinavyolia watu wanapoteleza. Kimya cha hofu ni kigumu. Maneno hukigonga yakarudi. Kimya cha watu wanaosikiliza kinavuta. Unasema neno kwa sauti ndogo kuliko ulivyofanyia mazoezi, na unajua limefika safu ya mwisho. Watu hao hata kukohoa huacha. Kikohozi huja baadaye, onyesho likikatika na taa zikizimwa, watu ishirini wanakohoa kwa pamoja kama waliokuwa wamezuia pumzi. Ni sauti nzuri sana kuisikia ukiwa nyuma ya pazia gizani, unabadilisha maleba.

Wengi hudhani walio jukwaani hawawasikii. Ni kweli hatuwaoni: taa zikituwakia usoni, mbele yetu ni ukuta mweusi. Lakini macho yakizibwa masikio hufunguka. Nasikia karatasi ya peremende ikifunguliwa polepole, na hiyo ya polepole ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hudumu. Nasikia mtu akimweleza mwenzake kitakachofuata. Nasikia jina langu la nyumbani likiitwa na mtu niliyesoma naye, anayetaka marafiki zake wajue kwamba ananijua, ilhali wakati huo mimi si mwenye jina hilo. Nimekuwa mtu mwingine, na kila ninapoitwa natolewa ndani yake kwa nguvu.

Nieleze sasa usiku mmoja wa mwaka 2016, kwa sababu ndio uliobadilisha mawazo yangu juu ya jambo hili lote.

Kikundi chetu kilikuwa kimepata nafasi ya kuigiza Kenya National Theatre, jijini Nairobi, ule ukumbi wa mwaka 1952 unaotazamana na hoteli ya Norfolk. Ulikuwa umefanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka uliotangulia, na kwetu sisi tuliozoea mabwalo, kusimama pale kulikuwa kama kuingizwa nyumba ya wakwe: hatukujua tushike wapi. Tamthilia ilikuwa mpya, imetungwa na mmoja wetu. Niliigiza mwanamke wa Lamu ambaye mumewe amerudi kutoka Ghuba baada ya miaka tisa, na hakurudi peke yake. Katika onyesho la nne mume anaomba alale usiku mmoja tu nyumbani mwake, nami namjibu kwamba sanduku lake liko mlangoni na nimelipanga mwenyewe. Halafu nanyamaza. Mwelekezi alinipa kimya cha hesabu ya kumi, mume ananitazama, mimi namtazama, kisha taa zinafifia.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Mombasa kwa basi la usiku kunitazama. Umri wake ulikuwa umepita sitini, na hakuwahi kuingia ukumbi wa namna ile. Alichokijua yeye ni taarabu. Ujana wake wote alikwenda harusi za Mji wa Kale na Majengo, akawasikiliza akina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, na ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo jinsi ya kutuza. Kutuza kuna sheria zake. Unangoja ubeti unaokuhusu. Huinuki neno likiwa katikati. Unaacha mstari uishe, unaingia kwenye muziki. Unakwenda kwa mwendo wa ngoma, noti umeiinua watu waione, unapita ubavuni mwa mwimbaji usimzibe, unamwekea, unarudi kitini. Mwimbaji haachi kuimba. Waliokaa wanatazama ni nani ameinuka na kwa maneno gani, na mara nyingine kuna mtu pale ukumbini ambaye ubeti ule umemchoma, naye anajua kwamba umetuza kwa ajili yake.

Basi niliposema sanduku liko mlangoni, nikanyamaza, nilisikia kiti kikiinuka. Nikasikia hatua. Watu wakaanza kusema, "Keti! Mama, keti!" Shangazi alitokea kwenye mwanga akiwa na buibui lake, amepandia ngazi za pembeni, akaja hadi nilipo bila kupita mbele ya mume, akaniwekea noti ya shilingi mia mbili mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akageuka akashuka kwa njia ileile. Ukumbi mzima ulikuwa umevurugika, wengine wanacheka, wengine wanafyonza. Hesabu ya kumi ikawa ya arubaini kabla taa hazijafifia.

Na usiku huohuo, safu ya tatu, alikaa bwana mmoja wa suti aliyekuja na tikiti ya bei ya juu. Hakusema neno kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anaandika kwenye simu yake. Mwanga wa kioo ulimpiga kidevuni na puani, na katika ule ukuta mweusi uso wake peke yake ndio nilioweza kuuona, nao ndio uso pekee ambao haukuwa ukinitazama. Kila nilipoelekea upande ule nilimkuta. Mwenzangu aliyeigiza mume aliniambia baadaye kwamba naye alikuwa anamkwepa, mpaka akajikuta anaigiza akiwa ameupa mgongo upande mzima wa ukumbi.

Mchezo ulipokwisha waliokuja nyuma ya jukwaa walinipa pole kwa sababu ya shangazi. Hakuna aliyemtaja bwana wa safu ya tatu.

Kesho yake asubuhi, kabla shangazi hajapanda basi, nilikaa naye mezani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha.

"Shangazi, kule ukumbini mtu hainuki."

"Kwani nilikukata maneno?"

"Hukunikata."

"Nilikuziba?"

"La. Ulipitia kando."

"Basi nilikosa nini, mwanangu?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, kwa sababu hakuuliza kwa kujitetea. Alitaka kujua. Nikamwambia kwamba yule mwanamke wa Lamu hakuwa mimi. Kwamba alipomtuza yule mwanamke, mkono uliopokea ulikuwa wangu, na yule mwanamke akaondoka. Ilinichukua onyesho zima lililofuata kumrudisha, na watu waliokuwa wamemwamini hawakumwamini tena kama mwanzo.

Alinyamaza, akazungusha kikombe cha chai. "Hilo sasa nimelifahamu," akasema. "Mwimbaji ni yeye mwenyewe. Nyinyi mwavaa watu." Kisha akaniuliza: "Na yule bwana aliyekuwa na simu, yeye mulimwambia nini?"

"Hatukumwambia kitu."

"Kwa nini?"

"Alinyamaza, shangazi."

Hakuongeza neno. Alinitazama tu, nami nikaona jinsi jibu langu lilivyokuwa dogo.

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Sisi tunaofanya kazi ya jukwaa tumewafundisha watu kunyamaza, tukadhani tumewafundisha adabu. Kunyamaza na kusikiliza ni mambo mawili, na yanaweza kukaa mbali sana. Shangazi alivunja sheria ya ukumbi, na nilimwambia hivyo. Lakini alivunja kwa sababu ya kusikia. Alilisikia neno hadi mwisho wake, akaingia mahali penye nafasi, akapita asimzibe mtu. Yule bwana hakuvunja chochote ambacho tungeweza kumwonyesha kidole, na hakuwepo.

Tena huu ukimya tunaouona kama sheria ya tangu zamani si wa zamani sana hata huko ulikotoka. London ya Shakespeare, waliolipa peni moja walisimama uani mbele ya jukwaa, mchana, jua likiwaka, wakila njugu na kuyajibu yanayosemwa. Katika karne ya 19 kumbi nyingi za Ulaya ziliachwa na taa zikiwaka wakati wa mchezo, watu wakitazamana wao kwa wao. Mtunzi wa opera Wagner alipofungua ukumbi wake mjini Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, watazamaji walikalishwa gizani, na desturi hiyo ikaenea polepole. Sisi tulipojengewa kumbi za namna hiyo, tulipewa giza na ukimya pamoja na viti.

Hata ndani ya Kenya National Theatre kwenyewe desturi hiyo ya ukimya imewahi kuvunjwa. Oktoba 1976 Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliigizwa pale katika Kiingereza chake cha asili, na Ngũgĩ ameeleza jinsi watazamaji walivyojiunga na waigizaji kuimba na kucheza mpaka ngoma ikatoka nje ya ukumbi. Mwaka uliofuata, Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walikuja kwenye mazoezi ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda yaliyofanyika hadharani, na wazee wakawarekebisha waigizaji namna mzee anavyozungumza na namna wimbo wa sherehe unavyoimbwa. Serikali iliuzima mchezo ule Novemba 1977. Wanakijiji hawakuwa na kosa la adabu. Walikuwa wanausikiliza kuliko hadhira yoyote ya tai na suti, na nadhani hilo ndilo lililotisha.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba giza na kimya ni upuuzi wa wageni tuutupe. Kuna tamthilia zinazovihitaji. Ile yetu ya mke wa Lamu ilivihitaji, kwa sababu imejengwa juu ya yasiyosemwa, na yasiyosemwa hayasikiki penye kelele. Mchezo wa kuchekesha, kama michezo ya kikundi cha Heartstrings iliyojaza kumbi za Nairobi miaka mingi, unahitaji watu wanaocheka kwa sauti na kumjibu mwigizaji. Ukiigizwa mbele ya watu walionyamaza hufa. Mchezo wenyewe hukuambia unataka nini kwako, mara nyingi katika dakika tano za kwanza. Kazi ya mtazamaji ni kuusikiliza ukisema hivyo.

Shangazi alirudi mwaka 2018, safari hii kwa treni mpya. Nilikuwa nikiigiza jambo jingine kabisa. Alikaa safu ya pili, mikono juu ya mkoba. Mchezo ulipokwisha alisimama kama wengine, akapiga makofi, akangoja nje karibu na lango mpaka nilipotoka nimeshajifuta rangi usoni. Hapo ndipo alipofungua mkoba. "Sasa ni wewe," akasema.

Kuna miezi ambayo sipati nafasi jukwaani, na miezi hiyo nimefanya kazi ya kupokea watu mlangoni. Ni kazi inayofundisha subira. Mchezo umetangazwa saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua imenyesha, Uhuru Highway imefungana tangu saa kumi, na watu wanafika saa moja kasoro wakiwa wamelowa na wamekasirika kabla hujawaamkia. Unawaambia wangoje onyesho likatike ndipo waingie. "Nimelipa elfu moja," wanakuambia. Wamelipa kweli. Foleni si kosa lao. Mwanzoni niliwahurumia.

Usiku mmoja nilimhurumia dada mmoja nikamfungulia mlango. Ndani, mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake akimwambia kwa mnong'ono kwamba mwanamume aliyemlea si babake. Mchezo mzima ulining'inia kwenye sentensi ile moja. Dada yule alikuwa amevaa viatu virefu, na sakafu ilikuwa ya mbao. Akawasha tochi ya simu kutafuta nambari ya kiti. Safu nzima ikasimama kumpisha. Mtu akaangusha mwavuli. Alipoketi, mzee alikuwa amekwisha sema, na binti alikuwa analia, na watu karibu mia tatu wakawa wanaulizana binti analia nini. Sentensi ile haikurudiwa. Mchezo hauwezi kurudishwa nyuma kama filamu ili waliopitwa waone tena. Tangu hapo mlango wangu haufunguki ovyo, na anayenifokea namwambia hivi: waliomo ndani nao wamelipa, na waliwahi.

Nisije nikaonekana nasimulia makosa ya wengine tu. Mwaka 2019 nilikwenda kutazama kikundi rafiki katika ukumbi mdogo, viti havizidi themanini, ambako ukinyoosha mguu unagusa jukwaa. Kabla ya kuanza tuliombwa tuzime simu. Mimi niliinyamazisha yangu, nikaitia mkobani, nikatulia. Mama yangu alikuwa anatumia dawa za presha, na nilikuwa nimeweka kengele ya saa mbili usiku ili nimpigie kumkumbusha. Simu iliyonyamazishwa hainyamazishi kengele ya saa. Mimi, mtu wa jukwaa, sikulijua hilo.

Ililia saa mbili kamili. Mwigizaji alikuwa peke yake mbele yetu, mtu anayezungumza na kaburi la mkewe. Mkoba ulikuwa na leso, na funguo, na kitabu, na simu ilikuwa chini ya vyote. Kadiri nilivyopekua ndivyo ilivyopaza. Nyuso zote themanini zilinigeukia. Yeye alisimama kimya, mkono juu ya lile kaburi la kadibodi, akangoja. Nilipoizima, alirudi mwanzo wa sentensi akaendelea.

Baada ya mchezo nilimfuata nyuma kumwomba radhi. Alinishika mkono. "Usijali, dada," akasema. "Ila nilikuwa nimefika."

Anayeigiza anajua maana ya neno hilo. Unaigiza mchezo uleule usiku kumi na tano, na huenda ni mara tatu tu ambapo kaburi la kadibodi linageuka kaburi. Hulitafuti likaja, huja lenyewe, hadhira ikiwa imekaa sawa, wewe umelala vizuri, mwenzako amekupa neno kwa wakati wake. Nilimwondoa pale alipokuwa amefika. Na wale themanini waliolipa kiingilio wakaja, ni usiku huo walikuwa waone kitu ambacho waliokuja jana hawakukiona, na wakaniona mimi nikipekua mkoba. Tangu siku ile siinyamazishi simu. Naizima kabisa, mbele ya mlango, kabla sijaingia.

Kuhusu kurekodi sina mengi. Vikundi vingi siku hizi huwapa watu nafasi ya kupiga picha mwishoni, waigizaji wote wakiwa wamesimama, na picha hizo hutusaidia kuuza tikiti za wiki inayofuata. Anayerekodi katikati ya mchezo anatutia taa machoni na kumtia kioo machoni aliye nyuma yake, na kipande anachokwenda kukisambaza ni kile tulichotaka wageni wa kesho wakikute wenyewe. Jambo jingine ni hili la kukimbilia gari. Makofi ya mwisho hayachukui dakika mbili. Ni wakati pekee ambao taa za ukumbi zinawashwa, ukuta mweusi unaondoka, na sisi tunawaona nyinyi ni akina nani. Tukiona migongo inakwenda mlangoni, inauma.

Siku hizi narudi mashuleni tena, safari hii kama mwelekezi wa kikundi kidogo. Tamthilia ya Bembea ya Maisha imekuwa ikituzungusha kaunti baada ya kaunti, na mabwalo hayajabadilika: saruji ileile, shuka zilezile, harufu ileile ya maharagwe. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya kuanza naomba dakika tano. Nasimama mbele ya wanafunzi bila maleba. Nawaambia kwamba kucheka kunaruhusiwa, na kushangaa, na kusema "Ala!" mtu akifanya uovu. Nawaambia kwamba mwigizaji anawasikia, kila mmoja wao. Halafu nawasimulia juu ya Mwelusi aliyelala juu ya saruji mwaka 2009, na kope zilizokuwa zikitetemeka, na insha niliyoshindwa kuiandika.

Mwaka jana msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, na tukicheka mahali pabaya mtatufanya nini?"

"Tutaendelea," nikamwambia.

Walicheka mahali pabaya mara moja, mapema, kisha wakatulia wenyewe. Hakuna mwalimu aliyesimama. Kufikia machozi ya onyesho la mwisho, kutoka nyuma ya shuka nilisikia kile kimya kinachovuta, halafu mchezo ukakatika, halafu vikohozi.

Ninyi walimu mnaotualika, tupeni hizo dakika tano na wanafunzi kabla ya mchezo kuanza, na fimbo ibaki ofisini.